Ufunguo wa Choo: Kisa cha Bustani Moja ya Ng'ambo

Mchoro wa bustani mpya ulitandikwa juu ya jamvi, ukawekewa mawe manne kwenye pembe upepo usiuchukue. Ilikuwa saa kumi na nusu alasiri, kusi limechangamka, na tulikuwa watu kama hamsini tumeuzunguka: wazee kwenye viti vya plastiki vya kukodi, kina mama wachache ukingoni mwa jamvi, vijana wamesimama nyuma wameegemea vespa zao. Kijana wa mradi, mwenye adabu na sauti ya upole, alituonyesha kwa kijiti. Hapa njia ya matofali. Hapa mabenchi kumi na mawili ya saruji. Hapa nyasi, hapa minazi ya mapambo, hapa mgahawa, na hapa katikati chemchemi itakayorusha maji na kuwaka rangi usiku. Ulikuwa mchoro mzuri na watu waliupenda. Mmoja aliupiga picha kwa simu akamtumia nduguye Muscat papo hapo.

Bibi mmoja, mjukuu amemlalia mapajani, akauliza: "Mwanangu, na kivuli kiko wapi?"

Kijana akaigusa ile minazi kwa kijiti.

"Mnazi hauna kivuli, una mstari." Kisha bibi akainua uso, akautazama mti mkubwa wa mkungu tuliokuwa tumekaa chini yake sote hamsini. "Na huu, mmeuweka wapi?"

Kijana aliutafuta. Tulimsaidia kuutafuta. Mkungu haukuwemo. Pale uliposimama, mchoro uliandikwa "mgahawa".

Mimi nilikuwa karani wa kamati ya bustani hiyo, kwa sababu ni mwalimu wa skuli ya jirani na hati yangu inasomeka. Daftari ninalo mpaka leo. Nakiandika kisa hiki kwa utulivu kwa sababu miji yetu inaanza kupata bustani mpya, na kila mahali mabishano yanaanzia pale pale, kwenye orodha ya vitu vya kuweka. Sisi pia tulianzia hapo. Tulikosea mahali ambapo hakuna aliyepabishania. Jina la mtaa silitaji. Waliohusika ni majirani zangu na tunakutana sokoni Darajani kila wiki.

Kiwanja chenyewe ni kidogo. Nilikipima kwa miguu yangu, hatua sitini kwa arobaini na tano. Kiko Ng'ambo, mjini Zanzibar, si mbali na zile nyumba ndefu za Michenzani, na kwa miaka mingi pembe yake moja ilikuwa jaa.

Anayetaka kuelewa kwa nini watu waligombania mti mmoja namna ile, kwanza aijue Ng'ambo. Ilikuwa ng'ambo kwelikweli, ng'ambo ya maji. Mkono wa bahari uliingia ndani ukautenga Mji Mkongwe na upande wa pili, na daraja lililovuka ndilo lililoacha jina la Darajani. Maji yale yalifukiwa kidogo kidogo katika karne iliyopita. Upande wa kusini ukawa viwanja vya Mnazi Mmoja, ambako watoto wa mji mzima husherehekea sikukuu. Waliojenga ng'ambo hawakupewa bustani na mtu. Walikuwa na miti, na mitaa wakaiita kwa miti hiyo: Mwembetanga, Mwembeladu, Miembeni, Mikunguni, Kikwajuni, Michenzani. Kuna mtaa unaitwa Mwembeshauri, na jina hilo peke yake linatosha kukueleza watu walikuwa wakikutana wapi kuzungumza mambo yao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ukaja mpango wa mji mpya, zikajengwa nyumba za maendeleo za Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na nyumba nyingi za udongo zikavunjwa kupisha. Baadaye likaja wimbi la watu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ya 2022 ikahesabu 893,169. Karibu laki tatu wameongezeka katika miaka kumi. Kila kiwanja kilichokuwa wazi kikatafutiwa nyumba, duka au maegesho. Majina ya miti yamebaki kwenye vibao vya daladala, na mkungu wetu ulikuwa mmoja wa michache iliyobaki yenyewe.

Kwa hivyo kikao cha kwanza kiliishia kwenye mti. Kijana wa mradi aliandika "mkungu ubaki" na akapigiwa makofi. Tukaenda kuswali Magharibi tukidhani tumeshinda.

Kabla ya kikao cha pili nilifanya jambo moja ambalo mpaka leo naona lilikuwa la maana kuliko vikao vyote. Nilikaa kiwanjani siku nzima na daftari, nikaandika nani anakitumia na saa ngapi. Baada ya alfajiri wazee watatu wanakizunguka kwa kutembea, maagizo ya daktari kwa ajili ya sukari. Saa mbili asubuhi mama wa maandazi keshauza na anaosha ndoo yake kwa maji aliyokuja nayo kwenye dumu. Mchana, jua la utosi, watu wote wamejibana chini ya mkungu: fundi baiskeli, wachukuzi wawili wanalala, muuza madafu. Kivuli kinapozunguka nao wanazunguka nacho, kama mshale wa saa. Saa kumi watoto wanatoka chuo cha Kurani, juzuu kwapani, na mpira unaanza kabla juzuu hazijafika nyumbani. Baina ya hapo na Magharibi wanatoka kina mama na watoto wadogo. Hawakai. Wanasimama, wanazungumza, wanarudi. Baada ya Isha linakuja dele la kahawa, zinakuja dhumna (domino), na wanaume wanakaa mpaka saa tano.

Nililitazama daftari usiku ule nikaona mstari mmoja unanisumbua: hawakai, wanasimama, wanarudi. Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Sijawahi kukaa kiwanja kile zaidi ya robo saa, na nimezaliwa nyumba ya nne kutoka hapo.

Kikao cha pili ndicho kilichokuwa mjadala wenyewe. Kilianza na chemchemi. Wakubwa wengi waliipinga, na hoja zao zilikuwa nzito. Visima vya karibu na pwani maji yake yana chumvi na chumvi inakula pampu. Umeme unalipiwa. Na ikiharibika, pale katikati patabaki bwawa la mbu. Mimi pia niliipinga. Lakini kijana mmoja wa nyuma, fundi simu, alisema maneno ambayo niliyaandika neno kwa neno: "Kila kitu kizuri kinawekwa Mji Mkongwe, sisi tunawekewa cha lazima tu. Mtoto wa Ng'ambo naye ana macho." Hakuna aliyemjibu vizuri, na mimi sijapata jibu lake mpaka leo. Wageni wanaposhuka bandarini hawaji kwetu kupiga picha. Uzuri nao ni huduma, na kuugawa kwa upande mmoja wa barabara ni jambo la kuhesabiwa. Tulipiga kura, chemchemi ikashindwa, fedha zake zikahamishiwa kwenye tangi la maji na mifereji minne, yaani mabomba ya kuchotea. Naamini tulichagua sawa, ila yule kijana hakustahili kunyamazishwa kwa hesabu ya mikono.

Forodhani ilitajwa mara nyingi usiku ule, na kila aliyeitaja aliitaja kwa maana yake. Ndiyo bustani ambayo kila Mzanzibari anaipimia nyingine. Jina lake linatokana na forodha iliyokuwa pale ufukweni. Ilifanywa bustani miaka ya 1930, wakati wa Waingereza, kwa heshima ya jubilei, ikaitwa Jubilee Gardens, na watu wakaendelea kuiita Forodhani. Ilichakaa, ikafanyiwa matengenezo makubwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, ikafunguliwa upya mwaka 2009: ukuta wa bahari, njia, taa, mahali pa watoto kuchezea, na eneo lililopangwa kwa wauza vyakula. Waliotaka mgahawa walisema, tazameni Forodhani, biashara ndiyo inayoifanya iishi. Waliokataa wakasema, tazameni Forodhani, mishkaki bei yake inasomwa kwa uso wa mgeni. Wote walisema kweli. Mimi ninapokwenda pale jioni naona jambo la tatu. Ukiondoka kwenye meza za vyakula ukaenda ukutani, familia zimetandika mikeka na zimekuja na vyakula vyao kwenye mabakuli ya nyumbani, na wavulana wanajitupa baharini mmoja baada ya mmoja huku watu wanawashangilia. Hakuna aliyewauzia nafasi hiyo. Bustani ile imewaachia watu mahali pa kukaa bila kununua, na hapo ndipo wenyeji wanapoonekana wamo kwao.

Mgahawa uliokuwa kwenye mchoro wetu ungekuwa wa mpangaji mmoja, na kodi yake ingemlipa mtunzaji na mfagiaji. Hii ilikuwa hoja ya mradi, na ilikuwa hoja ya kweli. Sisi tuliisikia kama hoja ya kukata mti. Mama wa maandazi alisimama akauliza yeye na ndoo yake watakwenda wapi mgahawa ukija, muuza urojo akaunga mkono, na ukumbi mzima ukalipuka. Mgahawa ukatupwa. Badala yake tukaandika vibanda vitano vidogo kwa wale wale wanaouza pale siku zote. Kijana wa mradi aliuliza mara mbili, kwa sauti ile ile ya upole: "Na mtunzaji atalipwa na nani?" Mzee mmoja akamwambia mtaa utajitunza wenyewe. Nikaandika: "Mtaa utajitunza wenyewe." Sentensi nzuri. Ingefaa niisimamishe pale pale niulize mtaa ni nani.

Mambo mengine yalipita haraka. Nusu ya kiwanja ikaachwa mchanga kwa ajili ya mpira, kwa sababu nyasi zisingeishi wiki chini ya miguu ile. Uzio ukakataliwa. Wazee wakaomba isiwekwe bendera yoyote wala kuwa maskani ya chama chochote, na wa vyama vyote waliokuwepo wakakubali kwa pamoja, jambo ambalo wanaotujua watalithamini. Taa hazikubishaniwa hata kidogo. Mitaro ilibishaniwa kidogo. Sehemu ile ni ya chini na masika maji husimama, na wengi tulikwishaona Mradi wa Huduma za Mijini ulioanza 2011 ulivyochimba mitaro mikubwa sehemu nyingine za mji, kwa hivyo kila mtu alikuwa mtaalamu.

Ukabaki choo.

Choo hakikuwamo kwenye mchoro na hakikuombwa na mtu yeyote kwenye kikao cha kwanza. Kwenye cha pili nilikitaja mimi. Jibu la kwanza lilitoka kwa mzee ninayemheshimu sana: "Mwalimu, choo cha nini na msikiti uko hapa hapa?" Aliuliza bila ubaya wowote, na wanaume wengi walitikisa kichwa. Kwao swali lilikuwa halina maana kwa sababu maishani mwao halijawahi kuwa swali. Mwanamume akibanwa kiwanjani anaingia msikitini, choo kipo, maji yapo, anatawadha na kuswali kabisa. Misikiti mingi ya mitaani kwetu haina upande wa wanawake. Mwanamke akibanwa anarudi nyumbani. Hii ndiyo maana ya ule mstari wa daftari langu. Kina mama walikuwa hawakai kwa sababu kila mmoja alikuwa amefungwa kamba isiyoonekana, urefu wake ni umbali wa kutoka kiwanjani mpaka choo cha nyumbani kwake. Mwenye mtoto mdogo kamba yake fupi zaidi. Mjamzito ndiyo kabisa.

Niliyasema haya, si kwa ufasaha huu. Mama mmoja akanisaidia kutoka nyuma: "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Kukawa na kicheko kidogo, kisha kimya. Yule mzee akafikiri, akasema: "Basi kijengwe." Sikuwahi kuona hoja inageuka upesi namna ile, na ilinifundisha kwamba wengi waliokuwa wanakataa walikuwa hawajaambiwa tu.

Ilipofika kwenye kujenga, mafundi walieleza ugumu wake. Ardhi ya kwetu ukichimba kidogo unakuta maji. Karo, lile shimo la maji machafu ya choo, linajaa upesi, na masika linaweza kujaa kwa maji ya ardhini hata kama halikutumiwa na mtu. Likijaa huitwa gari la kunyonya, na gari linalipwa. Kwa hiyo karo lilijengwa pana badala ya kina, likainuliwa, na choo kikapanda ngazi tatu. Tukadai na mteremko kwa ajili ya wenye viti vya magurudumu na wazee wa magoti. Tuliupata, mwembamba kidogo kuliko inavyofaa. Mlango wa wanawake tuliuomba utazame mbali na mabenchi, na huo tuliupata kama tulivyoomba.

Katika kumbukumbu za kikao niliandika: "Kitajengwa choo chenye milango miwili, mmoja wa wanaume na mmoja wa wanawake, na maji." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Ina ukuta, ina mlango, ina maji. Haina mtu wa kuufungua.

Bustani ilifunguliwa kaskazi ikianza. Siku ya ufunguzi milango yote miwili ilikuwa wazi na choo kinanuka dawa ya maua. Baada ya wiki mbili mtu aliiba koki ya mfereji mmoja wa ndani. Baada ya wiki tatu kikakutwa kichafu kiasi ambacho sitaki kukieleza. Hapakuwa na mfagiaji. Mtaa ulikuwa unajitunza wenyewe. Kamati ikakutana haraka, tukaamua kitiwe kufuli, na ufunguo uwekwe mahali pa kuaminika ambapo watu wapo siku zote. Mahali hapo palikuwa barza, kibaraza cha kukaa, ya upande wa kaskazini, penye meza ya dhumna. Wanaume wa pale ni watu wema. Walikubali kwa moyo mmoja, wakapigilia msumari ukutani nyuma ya meza, wakaufunga ufunguo kwenye kipande cha ubao cha ukubwa wa kiganja usipotee, na mmoja wao akaandika juu ya ubao kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: CHOO.

Naomba nieleze nilichokiona Alkhamisi moja, saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu. Mabenchi ya saruji kaskazi hayakaliki kabla ya alasiri. Ukiweka kiganja unakiondoa mwenyewe. Saa ile yalikuwa yameanza kupoa. Mama kijana alikuja na mtoto wa kike wa miaka minne au mitano, gauni la njano, amenunua badia kwenye kibanda. Wakakaa. Walikaa kweli, si kusimama, nikafurahi moyoni. Baada ya muda mtoto akaanza kubana miguu na kuvuta kanga ya mama yake. Mama akainuka akaenda naye mpaka mlangoni, akaona kufuli. Akageuka. Akautazama ukuta wa barza. Wanaume wanane walikuwa wameizunguka meza, dhumna zinapigwa kwa kishindo, na ule ubao ulikuwa unaning'inia juu ya vichwa vyao, neno lake linasomeka tangu nilipokaa mimi. Kuupata ingebidi apite baina ya miguu yao, au aombe kwa sauti mchezo usimame. Kisha auvukishe uwanja mzima mkononi, kila mtu aone anakokwenda na anachokwenda kufanya, na aurudishe tena kwa njia ile ile.

Alisimama pale kwa muda, ameshika kona ya buibui lake. Hakuna mtu aliyemkataza. Hakuna hata aliyemwona. Nilipoinuka kumfuata, gauni la njano lilikuwa limekwisha lowa nyuma. Mama akambeba mtoto vivyo hivyo akaondoka naye, na badia zikabaki benchini ndani ya karatasi yake.

Nilipolisimulia kikaoni, wale wanaume wa dhumna waliumia kuliko mtu yeyote. Mmoja alisema: "Tungempa, Mwalimu. Tungempa kwa mikono miwili." Najua wangempa. Tatizo lilikuwa kwamba ilimbidi apewe. Na lawama haikuwa yao. Tulikuwa sisi wa kamati, mimi nikiwa karani na mwanamke, tuliochukua kitu cha faragha kuliko vyote tukaukabidhi ufunguo wake mahali pa hadhara kuliko pote, kwa sababu tu hapo ndipo watu walipo siku zote. Watu gani, hatukuuliza.

Nikilirudia daftari naona kosa halikuanzia kwenye kufuli. Lilianzia siku tuliyoutupa mgahawa. Kuutupa kulikuwa sawa, mkungu upo na wachukuzi wanalala chini yake mpaka leo. Lakini mgahawa ulikuwa umebeba mshahara wa mtunzaji ndani yake, na sisi tulitupa vyote viwili kwa pamoja tukaweka sentensi mahali pa mshahara. Katika mjadala wa bustani watu hubishania kinachoonekana: chemchemi, benchi, mti, kibanda. Sabuni haichorwi. Mtu wa kufungua asubuhi na kufunga usiku hachorwi. Gari la kunyonya karo halichorwi. Ukitazama bustani za umma zinazochakaa, mara nyingi hazikukosa kitu siku ya ufunguzi. Zilikosa mtu wa kesho yake.

Tulichofanya baadaye kilichukua miezi na barua nyingi kwa ofisi inayohusika. Wenye vibanda vitano walikubali kutoa shilingi 1,000 kila mmoja kwa siku, badala ya ushuru mwingine wowote wa pale, na ofisi ikaridhia. Fedha hizo zinamlipa mama mmoja wa mtaani, mjane, anayefungua saa moja asubuhi na kufunga saa tatu usiku, na zinanunua sabuni. Wapo waliotaka kila anayeingia alipe shilingi 200 kama stendi. Mama wa maandazi ndiye aliyekataa, na alikuwa na hesabu yake: mwenye watoto watatu atatoa 800 kila mara mmoja wao akibanwa, atafanya mara mbili, mara ya tatu hatokuja, na asipokuja yeye maandazi atayanunua nani? Hoja ya biashara ikatetea choo cha bure. Sikuitarajia.

Kufuli limeondolewa mchana. Msumari upo bado ukutani, sasa unaning'inizwa taa ya akiba.

Yapo ambayo hatujayaweza. Shilingi 5,000 kwa siku hazitoshi mshahara wa haki, na mama yule anastahili zaidi ya anachopata. Masika iliyopita karo lilijaa na choo kikafungwa siku tisa mpaka tulipochangishana gari. Mabenchi bado yanachoma. Tumepanda mikungu miwili upande wake, mmoja umeliwa na mbuzi, wa pili umenifika begani. Fundi simu amenunua taa za rangi kwa fedha zake akazizungushia kwenye tangi la maji, na usiku watoto wanalitazama.

Juzi nilipita saa kumi na moja jioni. Nilimwona yule mama wa gauni la njano, mtoto amekua kidogo, wamekaa benchi la pili na wenzao wanne. Mtoto alishuka, akakimbia peke yake akapanda ngazi tatu, akaingia, akatoka anajipangusia mikono kwenye nguo, akarudi kwenye mazungumzo ya mama yake. Mama hakuinua hata kichwa.